Rimu za Mtoto wa Mama Mdogo

Nitasema ukweli hata kama unanichoma. Siku ndugu yangu alipoingiza ile gari nyekundu ya mbio, ya milango miwili, kwenye kibanda changu hapa Migori, roho iliniuma kabisa. Miaka yote hii nafungia watu tairi, na mimi mwenyewe naenda kazini kwa baiskeli. Yeye ameshuka shimo la dhahabu kule Osiri mara chache tu, tayari ana gari. Mungu hugawa, lakini kuna siku anagawa vibaya.

Ni mtoto wa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Kwetu Wajaluo, mke mwenza anaitwa nyieka, na neno hilo ni ndugu wa nyiego, yaani wivu. Niliona lugha yenyewe imenipa ruhusa.

Alikuwa ameona rimu pana zinazong'aa kwenye duka moja, akasema hanunui mpaka mimi nizikague, maana hana fundi mwingine anayemwamini. Nikazipima. Mashimo ya nati matano, sawa. Shida ni kwamba zilitokeza nje mno. Gari ikibeba watu nyuma, ingeshuka, na tairi zingesugua madgadi, yale mabati ya juu yake. Duka lilelile lilikuwa na zingine za kijivu, hazina maringo, lakini ndizo za gari ile. Ningemwonyesha kwa kidole tu.

"Hizi zitakaa?" akaniuliza.

"Zinakaa poa," nikasema.

Huku kwetu, kitu kinakaa kikiingia mahali pake sawasawa. Lakini pia tunasema mtu anakaa mgonjwa, anakaa tajiri, kwa vile anavyoonekana. Yeye aliuliza la kwanza, mimi nikajibu la pili, nikajiona mjanja. Nilitaka zikwaruze mbele ya watu mjini, achekwe kidogo. Haki ya Mungu, sikutaka zaidi ya hapo.

Nikazifunga kwa mikono yangu. Kesho yake akaenda nazo nyumbani Lambwe, kuwaonyesha wazee. Akamkuta mama yangu, huyu aliyenizaa, amebanwa na kifua, hapumui vizuri. Hakungoja mtu. Akamweka nyuma, mama mdogo akabanana naye hapo akimshikilia, wakashika njia ya hospitali Homa Bay. Hawakufika mbali. Tairi ya nyuma ilikatwa na madgadi, ikapasuka.

Nilipofika hospitali jioni, mama alikuwa amewekewa oksijeni, amefumba macho. Daktari alisema amecheleweshwa, tungoje tuone. Ndugu yangu alikuwa kwenye benchi, vumbi mpaka nyusi. Alikuwa amembeba mama mgongoni kwa mguu hadi akapata pikipiki.

Aliponiona akasimama, akashindwa kuniangalia usoni.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Niliendesha vibaya, nikaharibu kazi yako."

Mama mdogo alikuwa pale, anasikiliza. Nikamwambia nimemsamehe.