Nilivyoyatia Sukari Maneno ya Mama

Siku hizi nikitumwa dukani hapa mtaani Mbotela nazunguka nyuma ya nyumba kama mwizi, ili nisipite kwa Abuu fundi wa pikipiki, kwa sababu yeye na wateja wote wa hoteli ya mama walikuwepo Ijumaa ile na hakuna hata mmoja aliyesahau (nimeomba wasahau, wapi).

Hoteli yenyewe ni ndogo. Mpishi ni Auntie Nekesa, mtu wa Bungoma anayetupikia pilau kutushinda sisi wenyewe wenye asili ya Pwani. Sasa kuna siku maharagwe yaliungua, mama akamkemea mbele ya wateja, auntie akanuna, mama naye akanuna kwa sababu amenuniwa, na tangu hapo mama akiwa kaunta na auntie jikoni nyuma ya pazia, hawakusemezana tena ila kupitia kwangu. "Zuhura, mwambie huyo..." "Zuhura, mwambie mama yako..." Nami niko likizo, niko Form Two, mtu ambaye hata jina langu likiitwa darasani natokwa na jasho. Nitaanzaje kumpelekea mtu mzima maneno makali?

Nikaamua kuyatia sukari. Kidogo tu.

Mama akisema, "Mwambie chumvi imezidi, anataka kuua watu?" mimi nikifika jikoni nasema, "Mama anasema pilau imeweza, hasa chumvi." Auntie akisema, "Mwambie mama yako mimi si punda," narudi kaunta, "Auntie anakusalimia." Nikajiona balozi kabisa.

Halafu auntie akanituma jambo zito. "Mwambie Ijumaa saa saba na nusu natoka. Wazazi wameitwa shuleni kwa mwanangu Brayo, nisipofika, Jumatatu haingii darasani."

Kaunta nikasema tu auntie anaomba kutoka Ijumaa mchana, la Brayo nikalisahau kwa woga. "Ijumaa?" mama akaruka. "Watu wa msikitini wakitoka atawapakulia nani? Mwambie hapana!"

Nikarudi. Nikafunua pazia, nikaona uso wa auntie unavyoningoja, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Amesema sawa." Kwa mama nikasema, "Amekubali." (Nilidhani Mungu angepanga.)

Ijumaa swala ikaisha, hoteli ikajaa hadi mlangoni, nami nimebeba trei ya chai. Pazia likafunguka. Auntie akatoka amevaa gauni la kanisani, mkoba begani, akaenda moja kwa moja hadi kaunta mbele ya watu wote. "Mama Zuhura, asante sana kwa kuniruhusu. Kumbe una roho nzuri."

"Nimekuruhusu nini? Si ulikubali kubaki?"

"Nani alikubali?"

Wakageuka wote wawili kunitazama. Hoteli nzima ikageuka. Nikajificha nyuma ya trei.

Basi yakatoka yote, ya Brayo na ya chumvi. "Kwani hukupenda ile chumvi?" auntie akauliza. "Mimi naongeza kila siku nikufurahishe!" Abuu akaweka kijiko chini. "Ndiyo maana wiki hii nimekunywa maji kama ngamia!" Mama naye, "Na mimi nashangaa, mtu amenuna lakini ananisalimia kila dakika!" Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Mimi nilitaka kuingia ndani ya birika.

Kicheko kikaisha, mama akauliza kwa sauti ya chini, "Nekesa, si ungeniambia mwenyewe ni mambo ya mtoto?"

"Na wewe maharagwe si ungeniambia jikoni, tukiwa wawili?"

Mama akafungua mkanda wa aproni kiunoni mwa auntie, maana kwa haraka alikuwa ameisahau juu ya gauni. "Hilo ni kosa langu. Nenda, utachelewa. Atakayepakua ni huyu."

Huyu ni mimi. Nikawapakulia watu wote wale, meza baada ya meza, kila mmoja na lake. "Zuhura, niletee maji, na usiyageuze soda!"

Brayo aliingia darasani Jumatatu. Mama alilitoa pazia, na sasa wale wawili wanazozana uso kwa uso asubuhi kabla ya kufungua, kisha wanakunywa chai. Juzi mama akajisahau, "Zuhura, mwambie..." Nikamwonyesha auntie kwa kidole, nikakimbilia vyombo. Mimi maneno ya watu sibebi tena, hata salamu. Trei tu.