Gari Lililosukumika kwa Urahisi

Oili ya giaboksi hunuka kama yai viza, na mwaka niliotimiza miaka kumi harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Ndia Kuu ikagombana na iliki na bizari za mama. Mama, Bi Rehema, alikuwa mjane na mpishi wa harusi, na gari letu dogo jeupe ndilo lililobeba masufuria yake ya pilau. Bila gari hakukuwa na harusi za mbali, na harusi za mbali ndizo zilizotulisha. Giaboksi ilipokufa, fundi Kassim wa Shimanzi alileta nyingine akaifunga pale pale mlangoni petu, siku mbili nzima, akiagiza chai kama bwana harusi.

Siku ya tatu aliwasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi. Injini ilinguruma, gari halikusogea hata shibiri. Wanaume wa barazani wakaja, kila mmoja na ugonjwa wake: klachi, oili, jicho la jirani. Hakuna aliyeinama kutazama chini ya gari, ambako oili ilidondoka upande wa kulia mbele ya macho yao. Walihofia kanzu zao. Kassim akazima injini, akaniketisha mimi nishike usukani, nao wasukume gari kando ili njia ipitike.

"Haya, bismillahi, sukumani!"

Watu wawili tu walisukuma, gari likateleza kama sinia kwenye sakafu yenye maji. Nikatazama gia: ilikuwa bado kwenye ya kwanza. Breki yetu ya mkono ilikuwa mbovu tangu zamani, na kila siku mama aliegesha kwa kutia gia ili gari lisiondoke. Gari lililotiwa gia halisukumiki kirahisi. Hilo nililijua hata mimi mtoto.

"Fundi, gia imo!" nikapiga kelele. "Mbona yasukumika?"

"Gia umefunzwa na mwiko wa mamako?" akanijibu, na baraza zima likacheka.

Mama hakucheka, lakini hakunisikiliza pia. Kassim alimvuta kando akasema kwa sauti ya msibani, "Bi Rehema, gari hino ishakufa. Niwachie mimi, nitakupa cha kukupa." Mama akamwachia. Wiki moja baadaye nililiona likipita kwa kasi, ndugu yake Kassim usukanini, limejaa magunia ya vitunguu. Mama akabaki na mkokoteni na harusi za mtaani, mpaka mgongo ukamshinda.

Leo nina diploma ya magari, niliyoisomea chuo cha ufundi jirani na Buxton bila mjomba wa kunishika mkono. Nilifanya kazi Maskati miaka kumi na miwili, nikarudi na kufungua gereji yangu mwenyewe hapo hapo Shimanzi, yenye mafundi tisa. Najua kilichokuwa kimetokea. Ekseli ya kulia, chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, haikuingizwa mpaka mwisho ndani ya giaboksi, basi nguvu yote ikazunguka bure, oili ikavuja, na gari likasukumika ingawa gia imo. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye macho. Kama Kassim alijua, alikuwa mwizi. Kama hakujua siku ile, alikuwa mjinga, na wizi ulikuja baadaye.

Mwezi uliopita Kassim alikuja gerejini kwangu, sasa mzee, gari likivutwa kwa kamba. Mwanawe alikuwa amebadilisha giaboksi na gari haliendi.

"Injinia, nisaidie, mamangu," akasema. Hakunijua.

Nikamketisha usukanini, nikamwambia asiwashe injini, atie gia ya kwanza tu na aondoe mguu kwenye klachi. Kisha nikazunguka nyuma, nikaliwekea gari mkono mmoja, likaondoka taratibu mbele ya mafundi wangu wote. Mzee akatazama gia, akageuka akanitazama mimi.

"Wewe binti Rehema," akasema.

"Gia imo, fundi," nikamjibu, nikaendelea kusukuma.