Vigae vya Kigangoni

Ipo siku moja ya Muyinga ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu. Bado sina mvi za kukuita mwanangu, basi nikuite mdogo wangu, nawe unisikilize hivyo hivyo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, na kwetu Gishubi, mkoani Gitega, wakanikabidhi paa la kigango chetu. Ni kanisa dogo la matofali na vigae vya udongo. Babu na bibi walifunga ndoa humo kabla ya kukimbilia Tanzania, wakarudi baadaye, na kaka yangu alitaka kuoa humo humo. Harusi ikiwa imekaribia, tone la mvua likadondoka kando ya altare. Tone moja tu! Mimi nikaliona kanisa zima limelala chini: mbao zimeoza, kuta zimefuata, maharusi wamefukiwa pamoja na padri. Nikaishawishi kamati ya kigango tung'oe vigae vyote tuezeke mabati, nikapanda basi hadi Muyinga kuyaagiza kwa Mzee Gulamu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wazee wake walitoka India.

Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa mbali.

"We binti, vigae vingapi vimevunjika?"

"Sijapanda juu, mzee. Naogopa nikikanyaga nitavunja vingine."

"Kumbe umelifukuza paa kazi bila kuliuliza kosa lake!" Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani, akamgeukia mkewe. "Mama Salma, angalia duka. Huyu anataka kumzika mgonjwa wa mafua."

Akanipeleka kwenye msikiti wao wa zamani, nao ni wa vigae. Nilikuta shangwe tupu. Ilikuwa siku yao ya kusafisha paa kabla ya Ramadhani: vijana juu wakizoa majani, wazee chini wakiwakosoa, akina mama wakipakua pilau. Kila mwaka hubadilisha vigae vichache vilivyopasuka, wakala, wakaenda zao.

"Mabati nitakuuzia hata leo, mi ni mfanyabiashara," alisema. "Lakini nyumba ya Mungu iko na watu. Wape kazi. Paa lisilohitaji mtu, hakuna atakayelitazama."

Mdogo wangu, nilirudi bila hata bati moja. Jumamosi ya kazi za jamii tukaegemeza ngazi. Kaka alipanda mwenyewe, bibi akimpigia kelele kutoka chini: "We bwana harusi, ukianguka huyo binti namwoza kwa mwingine!" Vilivyopasuka vilikuwa vichache. Tukachukua vizima kwenye jiko la kigango lililobomoka zamani, tukavipachika tukiimba.

Siku ya harusi mvua ilinyesha haswa. Watu wote waliwatazama maharusi, mimi nilitazama juu. Hakuna hata tone. Bibi akanifinya. "Shusha shingo, utaikosa harusi."

Basi ukikabidhiwa kanisa, msikiti au nyumba yoyote ya zamani, usianze kwa kung'oa. Panda uone. Ita watu, mtengeneze kilichoharibika, na siku hiyo pawe na chakula na nyimbo ili mwakani waje tena bila kubembelezwa. Hofu haitaisha, yangu ipo hadi leo. Ibebeshe ngazi, nayo ifanye kazi.

Mungu akujalie miguu isiyoteleza na majirani wenye vicheko, na wajukuu wako wafunge ndoa chini ya paa ulilolitunza.