Nishani ya Chibago Masima

Nilitoka Kintinku kwenda Nduguti kumkamata mwizi. Naliweka hili mbele ili msomaji asidhani nilikwenda kutembea.

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wangu ni nishani za vita. Ulinianza kwa makoti. Watu wa reli waliniletea makoti yao ya zamani niyatie viraka, na mengine yalikuja na nishani kifuani. Kalasinga mmoja aliniachia yake ya Uhindi kwa kushonewa suruali. Baadaye nikapata msalaba wa Mjerumani, nishani ya Mbelgiji yenye simba, na nyota ya Mturuki yenye mwezi mwandamo, niliyoipata kwa Mwarabu wa Manyoni kwa kanzu mbili nzima. Zote zilikaa katika kopo la biskuti, kila moja ndani ya kipande cha kitambaa cha marekani. Watu waliniita Bwana Nishani, nami sikukasirika. Wachache tu walijua kwamba katika zote hizo nilikuwa natafuta moja: ya baba yangu, Chibago Masima, aliyechukuliwa mpagazi wa Mwingereza nikiwa na miaka kama sita, asirudi. Tulimwekea matanga bila kaburi.

Siku moja mchuuzi wa ng'ombe alisimama kibarazani kwangu akanipa karatasi. Alikuwa ameona nishani kwa mzee mmoja huko Nduguti, na kwa kuwa aliujua ugonjwa wangu, aliweka karatasi ubavuni mwa ile nishani akaipitishia penseli. Herufi zilitoka nyeupe katikati ya weusi: namba, kisha jina la baba yangu.

Nishani zile ziligawiwa vita vilipokwisha, tena kwa kuitwa majina. Basi mtu huyo alisimama mbele ya Mzungu akasema kwamba yeye ndiye baba yangu. Aliwezaje kusema hivyo bila kujua kwamba mwenyewe hatakuja? Kwa mawazo yangu, aliyejua hivyo ndiye aliyemzika, na pengine ndiye aliyemuua.

Mama alinisikiliza huku anapepeta uwele. Akasema vita vimekwisha, wafu waachwe walale. Nikamjibu kwamba jina la baba haliachwi mkononi mwa mwizi. Hakubisha tena. Alinifungia masurufu: unga, karanga za kukaanga, na kifurushi cha ugoro. Nilimkumbusha kwamba mimi sinusi ugoro. Akasema ni wa mwenyeji nitakayefikia kwake, kwani mgeni haendi mikono mitupu.

Asubuhi ya Jumatatu nilipanda treni hadi Manyoni, kopo la nishani likiwa mapajani. Nililichukua ili niifananishe ile ya Nduguti na nyingine, maana kuna mafundi wanaosubu nishani za bandia kwa madini ya risasi. Mwanamume aliyeketi mbele yangu aliniuliza ninakokwenda, nikamdanganya kwamba ni Itigi. Akauliza koponi mna nini, nikamwambia sindano. Alitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

Kutoka Manyoni nilipata lori la karanga. Tulilala Mkiwa, kwa mama mmoja auzaye uji pale njia panda. Dereva alinitania kwamba mtu anayekumbatia kopo namna ile ama ana almasi ama ana wazimu. Nikaanza kumshuku na yeye. Labda mchuuzi wa ng'ombe alishirikiana naye, labda karatasi yote ilikuwa mtego wa kunitoa nyumbani na mali yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, nikalifanya kopo mto wa kulalia. Shingo iliniuma hadi Singida.

Lori liliishia Singida. Siku tatu zilizofuata nilikwenda kwa miguu kuelekea kaskazini, nikipita mashamba ya mtama na makundi ya ng'ombe, na kila niliposalimu niliitikiwa vizuri, shikamoo kwa marahaba. Nilipouliza tu habari za mzee mwenye nishani, nyuso zilifungika. Wa kwanza alisema mzee huyo alihama. Wa pili alisema alikufa mwaka wa njaa. Wa tatu, pale pale Nduguti, hakuwahi kusikia mzee wa namna hiyo tangu azaliwe.

Nikaamini sasa kwamba kijiji kizima kinamficha mwizi. Niliketi kando ya kisima nikiwa na hasira, na mwanamke mmoja aliyekuja kuteka maji akanitazama sana, akaniuliza ninadai kodi ya mwaka gani. Ndipo nilipojiona kwa macho yake: koti la kaki, kopo la bati, karatasi yenye jina la mtu mkononi. Tangu nchi ile ianze kutawaliwa, aje Mjerumani, aje Mwingereza, mtu aliyekuja na jina limeandikwa hakuja kwa heri. Nilivua koti nikaificha karatasi. Nikasema mimi ni fundi wa nguo, natoka Kintinku. Mwanamke akatua mtungi wake, akanionyesha nyumba moja ya tembe nyuma ya zizi.

Mzee alikuwa kivulini mwa ukuta akichonga mpini wa jembe. Nilikuwa nimepanga kumsalimu kwanza, lakini hila ikanijia. Nilisimama nyuma yake nikaita jina ghafla, kama karani anavyoita watu waliopangwa mstari.

"Chibago Masima!"

Tezo lilimponyoka. Alisimama wima, mikono ubavuni, macho mbele.

"Nipo, bwana!"

Alipogeuka akaona ni mimi tu, alishusha mikono. Nilimwambia kwamba jina aliloitikia ni la baba yangu, na kwamba nataka kujua alimfanya nini. Hakukimbia wala hakukana. Alikaa chini taratibu, akaniuliza nimetoka na nini nyumbani. Nikaona ni swali la kijinga, lakini nilikumbuka adabu, nikampa ugoro. Akaunusa, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Huu ni wa Kintinku," alisema. "Kaa, mwanangu. Mimi naitwa Msengi."

Alinieleza kwamba alishuka kwetu ujanani kutafuta kazi ya reli, akaishia kuwachungia ng'ombe wazazi wangu. Wapagazi walipotakiwa, jumbe aliandika majina ya wenye nyumba, na la baba yangu likawemo. Yeye, mgeni aliyetoka huko Iramba, hakuandikwa. Karani hakujua nyuso, alichotaka ni kila jina liitikiwe.

"Baba yako alinipa ng'ombe mtamba mmoja na jina lake," alisema. "Mtamba alikufa kwa ugonjwa wa sotoka kabla sijarudi. Jina ndilo lililobaki."

"Na baba yangu?"

"Alishika njia ya kusini asubuhi ile ile. Hakuwa peke yake. Zaidi ya hapo usiniulize, mimi nilikuwa tayari nimebeba sanduku la risasi."

Niliona haya mpaka nikashindwa kuinua uso. Miaka yote ile nilijivunia kuwa mtoto wa mtu aliyefia vitani. Msengi aliingia ndani akatoka na nishani, utepe wake wa rangi ya machungwa umefifia. Akaniwekea mkononi. Akasema tangu aipokee anaogopa kwamba Serikali itakuja kumfunga kwa udanganyifu, na ndiyo sababu majirani humficha kila anayeuliza. Afadhali imekuja damu yenyewe.

"Jina ni lenu, ichukue," alisema. Kisha akateremsha shuka. Mabega yake yote mawili yalikuwa na sugu nene, nyeusi, zenye ufa katikati. "Hizi ndizo zangu."

Niliigeuza ile nishani kama ninavyogeuza zote, nikaanzia ubavuni. Ilikuwa fedha halisi, na herufi hazikuchezewa. Nilitamani kuiweka katika kopo, sitakuficha, msomaji. Lakini nilitoa sindano yangu, nikaukaza utepe uliokuwa unafumuka, nikamrudishia kwa mikono miwili. Nilimwambia Serikali haitasikia neno kutoka kwangu. Nililala kwake siku mbili, na mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nililala bila kulishika kopo.

Njia nzima ya kurudi nilishona uongo. Mama asingejua kwamba mume aliyemlilia alimwacha. Ningemwambia nimekuta jina jingine, mchuuzi hajui kusoma, basi. Niliurudia Singida, nikaurudia Mkiwa, na kwenye treni nikauona hauna pindo lililoachwa wazi.

Nilifika Kintinku jioni. Mama alikuwa mlangoni, ameshika ungo ule ule. Nilimsalimu, akaitikia. Kabla sijatua kopo, kabla sijataja jina la mtu yeyote, aliniuliza swali moja.

"Msengi bado ananusa ugoro?"

Njiani nilimshuku abiria, dereva, mchuuzi na kijiji kizima, na masurufu niliyokuwa nakula yalifungwa na mtu aliyejua yote tangu siku ya kwanza. Alilia matanga ya mtu aliye hai ili mimi niwe na baba. Nililiweka kopo chini, nikapokea ungo, nikamwambia ndiyo, mama, bado ananusa.