Siku Niliyomsitiri Mume Wangu

Asubuhi ile nilimfunga mume wangu vifungo vyote vya shati, kama nilivyomfunga kila siku tangu aliporudi kutoka vitani ng'ambo ya mpaka. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikufa ganzi huko. Nguvu anazo, na kushika anashika, ila hasikii kitu: si kifungo, si sindano, si moto. Nikamchagulia shati la mikono mirefu ili makovu ya tanuri yasionekane. Hebu ona ujinga wangu: tulikuwa tunakwenda hospitali kuonyesha ulemavu, nami namfunika.

Jeshini alikuwa mpishi. Alipostaafu akajenga tanuri la kuokea mikate ya boflo nyuma ya nyumba yetu, hapa Muyeye. Watu walizipenda boflo zake hata wakawa wanapiga hodi kabla hazijapoa. Lakini kukanda unga na kuchomoa mabati ya moto ya kuokea kwa mkono usiosikia ni mateso, na mara nyingi ni mimi niliyesikia harufu ya ngozi ikiungua nikamvuta. Yeye hucheka. "Leo boflo zina kitoweo ndani," huniambia. Mimi sikuwahi kucheka.

Rafiki yake wa jeshini aliyehamia ughaibuni akamtumia mashine ya kukandia unga, iliyotumika lakini nzima. Ikafika bandarini Mombasa, ikakaa huko, maana ushuru wake ulitushinda. Tukaenda ofisi ya kodi kuuliza kama mtu aliyelitumikia jeshi anapata msamaha wowote wa kodi anapoanza biashara. Bibi mmoja mwenye adabu akatwambia kwamba msamaha wa uanajeshi haujui. Aujuao yeye ni wa walemavu, nao wataka cheti cha madaktari.

"Mimi si mlemavu," mume wangu akasema, akainuka.

Nilimfokea njia nzima. Nilimwambia basi mashine na ioze huko, na mkono nao uishe kidole kimoja kimoja, halafu tuone hicho kiburi atakikandia nini. Siku ya tatu akasema, "Haya, twende kwa hao madaktari."

Hospitalini tuliketi kwenye benchi pamoja na watu wengi, wawili wao jirani zetu. Mlango wa chumba ulikuwa pazia tu, na kila lililosemwa ndani lilisikika nje. Jina lake lilipoitwa alisimama akanyooka, mabega nyuma, kama yuko gwarideni. Nikamfuata.

"Shikamoo, mzee," daktari akamwamkia. Kwa umri angekuwa binti yetu.

"Marahaba, mwanangu."

"Waumwa na nini?"

"Siumwi. Ni mkono tu, uliumia kidogo."

Daktari akampa vidole vyake avibane. Akavibana mpaka yule binti akajivuta akiupunga mkono wake na kucheka. "Mbona una nguvu kunishinda, mzee! Kuna kazi yoyote usiyoiweza?"

"Hakuna."

Nilitaka kumfinya. Lakini huyu ni mtu aliyefunzwa tangu ujana wake kwamba neno "siwezi" halitamkwi. Daktari akanigeukia.

"Nawe mama, nyumbani wamuonaje? Kuna kinachomshinda?"

Mume wangu akaniangalia. Yale macho nayakumbuka hadi leo. Nilidhani yananiomba nimsitiri. Mimi ni mtu wa Mambrui. Mamangu alinilea nikijua kwamba aibu ya mume haitoki nje ya chumba, na nyuma ya pazia lile jirani walikuwa wametega masikio. Ningesemaje mbele yao kwamba mwanamume huyu namvisha kama mtoto?

"Hana neno, daktari," nikasema. "Ni mzima."

Akaandika hivyo.

Cheti hakikutoka. Tungeweza kuomba tena, lakini kila nilipolitaja jambo lile mume wangu alichukua kofia yake akaenda msikitini, na kabla sijapata kumshawishi tukasikia mashine imepigwa mnada. Baada ya hapo akaungua vibaya, kiganja kizima. Siku hiyo nilikuwa msibani, hakukuwa na wa kumvuta. Kidonda kilipopona akalizima tanuri na hakuliwasha tena. Wateja waliendelea kupiga hodi kwa muda, wakachoka. Sasa kuku wangu hutagia mle ndani, na kila ninapoinama kuokota yai moyo huniuma.

Amepata kazi ya kulinda lango la nyumba ya kifahari karibu na ufuo, zamu ya mchana. Wamempa shati la buluu lenye vifungo vidogo mno. Wiki iliyopita nilikuwa namfunga, nimefika kifuani, aliponena bila kuniangalia.

"Siku ile kwa daktari, nilikuangalia useme wewe. Mimi neno lilinikwama."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililonimaliza. Afadhali angenitukana. Vidole vyangu vinavyosikia kila kitu vikashindwa kukipata kitundu cha kifungo.

"Nilidhani wataka nikusitiri," nikasema.

"Najua," akajibu. "Ulinisitiri."

Kisha akainua kidevu, akangoja nimfunge kifungo cha shingoni.