Boriti Yangu Ufukweni

Vita vilipoingia Kismayo na wenye bunduki wakahamia nyumbani kwetu, mimi na mama tulitoka na mkeka, sufuria na boriti moja ya paa iliyokuwa uani. Boriti niliichukua mimi. Pengine nilitaka nionekane nimeokoa kitu kizito.

Tulikwenda ufukweni, kwa mafundi wa mashua. Mchanga ule haukuwa wa mtu, ila ulikuwa na sheria yake: ukilaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, mahali ni pako mpaka chombo kishuke majini, mradi nyundo yako isikike. Wakimbizi wenzetu wasio na mkuku walisukumwa huku na huko. Mimi nikalaza boriti juu ya magogo, nikafunga turubai ubavuni, mama akapata pa kulala.

Nilikuwa karani wa bandarini. Nyundo niliijua kwa kuiona. Hata hivyo kila asubuhi nilijifunga kikoi nikagonga, nikikunja uso kama mtu mwenye hesabu kichwani.

Siku moja fundi jirani alinikuta nikisokota pamba ya kuzibia nyufa, akasimama karibu yangu. "Karani, watia kalafati?"

"Naam. Kisije kikavuja."

"Kivujie wapi, baba? Hiyo boriti! Haina hata ufa."

Wanawake waliokuwa wakiosha samaki walicheka mpaka mmoja akaketi majini. Nikaendelea kusokota pamba na mafuta. Ningefanya nini?

Kisha mizinga ikasogea. Mashua ya fundi, ambayo ingeweza kutufikisha Ras Kamboni, kusini, mbali na mizinga, ilikuwa imetoboka, na mahali pa kuipandisha haraka ni pale pangu.

"Tupishe," aliniomba.

Mimi niliyechekwa wiki nzima nikajikuta mlinzi wa sheria. "Chombo changu hakijashuka," nikasema. Ukweli, niliogopa: nikiondoka, na mashua ikajaa jamaa zake, mama angekosa turubai na safari pia.

Mama alitoka akifunga mtandio. "Mwanangu, chombo kimekwisha. Kishusheni." Akamgeukia fundi. "Nasi tutapanda chako."

"Mtapanda, mama. Wewe wa kwanza."

Nilidhani fundi atacheka. Badala yake aliwaita wanaume, wakasimama pande mbili za boriti, ikasomwa fatiha kama kwa chombo chochote. Wanawake wakapiga vigelegele. Tukasukuma. Boriti ikaingia majini, ikapinduka mara moja, ikaelea. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe.

"Haivuji," fundi akakiri.

Mashua ilipandishwa palepale, ikazibwa kwa haraka kubwa. Tulipoondoka mama aliketi katikati, pakavu. Mimi nilikuwa natafuta mahali panapomfaa mwenye chombo, fundi akanitilia kopo mkononi na kunionyesha maji yaliyokuwa yakipanda miguuni.

"Karani, hii ndiyo inayovuja. Chota."

Nilichota hadi Ras Kamboni.