Punda Kumi na Wawili wa Singidani

Nilipewa umeneja wa bustani ya michezo ya watoto kwa sababu mwenye bustani aliamini kwamba mtu mwenye shahada mbili hawezi kushindwa kusimamia bembea. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nasi tukimwita Mama. Kiwanja chake kilikuwa karibu na Ziwa Singidani, mahali ambapo upepo haupumziki na ambapo, kwa mujibu wa tangazo nililoliandika mwenyewe, palikuwa na "ulimwengu mzima wa burudani". Ulimwengu huo ulikuwa na mtelezo mmoja, bembea nne za minyororo, kibanda cha soda, na mashine ya kuzunguka yenye viti kumi na viwili vya umbo la farasi.

Mashine ilinunuliwa imeshatumika, rangi yote imebanduka. Mchoraji wa mjini aliyepewa kazi ya kuipaka upya hakuwa amewahi kumwona farasi, lakini punda aliwaona kila siku sokoni wakivuta mikokoteni. Akapaka anachokijua: mwili wa kijivu, tumbo jeupe, mstari mweusi mgongoni, hata michubuko ya kamba shingoni. Masikio aliyarefusha kwa vipande vya bati. Mimi niliandika barua ya malalamiko yenye kurasa mbili. Watoto walipanda.

Mwendeshaji wake alikuwa mzee wa Itigi aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake hadi alipopunguzwa kazini. Alikuja kwetu na filimbi, bendera ya kijani na taratibu zake. Mtoto hapandi punda bila kumwamkia yeye mzee. Wakiwa kumi na wawili zilikuwa shikamoo kumi na mbili, na kila moja aliiitikia peke yake, bila haraka. Kisha anakagua mikanda, anapuliza filimbi, anainua bendera, ndipo anawasha swichi. Siku moja nilimshauri awaache waamkie kwa pamoja, tuokoe muda.

"Meneja," akaniuliza, "kwani nyumbani kwenu mlikuwa mnamwamkia baba yenu kwa kikundi?"

Sikurudia ushauri huo.

Kisha ikaja korona. Shule zikafungwa, mikusanyiko ikakatazwa. Mabasi yaliendelea kupita barabara kuu, lakini hakuna aliyeshuka Singida kwa ajili ya punda wa bati. Shule moja ya Kinyangiri ilikuwa imepanga kutuletea watoto wake. Mwalimu akapiga simu kusema wameahirisha hadi Mungu atakapopenda, tarehe ambayo nilishindwa kuijaza kwenye fomu yangu ya wageni.

Mama alituita mimi na mzee kibandani. Muuza soda alikuwa ameshaondoka.

"Kuna mtu anataka hiyo mashine kwa chuma chakavu," alisema. "Nimemwambia asubiri. Siku watoto wa Kinyangiri wakija, ikizunguka inabaki, na wewe mzee unabaki nayo. Ikigoma, anaipakia siku hiyo hiyo. Sina kazi nyingine ya kukupa."

"Itazunguka, Mama," mzee alisema. Alishapunguzwa kazini na treni. Sidhani kama alitaka kupunguzwa na punda.

Baadaye akanieleza shida. Mashine ikilala siku nyingi inashikana, kwa hiyo lazima izunguke kila siku. Lakini haipendi kuzunguka tupu. Inatikisika mpaka misumari inatoka. Inahitaji uzito, uliopangwa sawasawa pande zote, na uzito wetu wa kawaida ulikuwa umefungiwa majumbani na mama zao. Mzee akaenda sokoni kuazima magunia ya vitunguu na alizeti. Akayafunga mikanda vizuri, kisha akanitazama.

"Hawa nao wakae mbalimbali, au?"

Ninaona haya kusema kwamba nililifikiria swali hilo. Nilikuwa ndio kwanza nimeandika mwongozo wa bustani wenye vipengele kumi na tisa, na hakuna hata kimoja kilichotaja magunia.

Wiki ya pili bwana afya wa kata alipita, akakuta filimbi inalia na punda wanazunguka.

"Mliambiwa mfunge."

"Tumefunga," nikasema.

"Hawa ni nani?"

"Vitunguu," mzee akajibu. "Na huyo wa mwisho ni alizeti."

Bwana afya aliusubiri mzunguko mzima upite mbele yake. Kisha akauliza kama tuna ndoo ya kunawia. Tulikuwa nayo, ndoo yenye koki, ila haikuwa na maji. Majirani walikuwa wakija na madumu alfajiri kuchota. Akaandika kwamba wananchi wameitikia vizuri.

Grisi ilipokwisha, duka lilituambia mzigo umekwama nje ya nchi. Mzee akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Singida angefanya: akachukua mafuta ya alizeti. Mashine ikanyamaza kama imebembelezwa. Kiwanja kizima kikanukia maandazi.

"Ila haya si ya mashine," aliniambia. "Yakikaa bila kuzungushwa yanageuka gundi. Na vumbi hili la kwetu! Hata siku moja usiruke."

Nikamwambia nimeelewa. Nimesoma.

Shule zilipotangazwa kufunguliwa, Kinyangiri nao wakataja siku yao. Ndipo mzee akaanza kukohoa. Yeye alisema ni vumbi, na leo naamini lilikuwa vumbi. Lakini kipengele cha nane cha mwongozo wangu kilisema mfanyakazi anayekohoa apumzike nyumbani siku kumi na nne, na ilikuwa nafasi yangu ya kwanza ya kutumia kipengele chochote. Nikampa barua yenye mhuri. Kisha, kwa ajili ya kuzuia maambukizi, nikamsindikiza hadi stendi na kumpandisha kwenye basi lililojaa watu. Alishuka njia panda ya Mkiwa kusubiri gari la Itigi. Alinisimulia kwamba kwenye gari hilo alikohoa mara moja tu, akapewa kiti chote cha nyuma hadi kwao.

Kila jioni alinipigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Punda wamezunguka?"

"Wamezunguka."

Siku tatu za kwanza ilikuwa kweli. Siku ya nne upepo ulikuwa mkali. Siku ya tano nilianza kuandika makala kuhusu uwajibikaji kazini, nayo ilinibana sana. Kuanzia hapo nilibaki nasema tu wamezunguka, jioni baada ya jioni, kwa sauti iliyozidi kuwa na uhakika. Siku moja aliniuliza kama kuna mlio wowote. Nikasema hakuna, na hilo halikuwa uongo.

Asubuhi ya Kinyangiri, lori lilileta watoto wamevaa barakoa za vitenge, nyingi zikiwa kidevuni. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshafika. Kagari kake kalisimama getini, nyuma wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani. Mzee alishuka kwenye bodaboda kutoka stendi, begi bado begani, akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya watoto na kuanza kupokea shikamoo zake. Kumi na mbili. Akakagua mikanda. Filimbi. Bendera. Swichi.

Mota iliguna. Punda hawakusogea.

Akazima, akawasha tena. Taa ya kibandani ikafifia. Mnunuzi wa chuma akatema mate pembeni na kuanza kukunjua kamba yake. Mzee hakunitazama. Alisimama na bendera imeinuliwa, kama mtu anayesubiri treni ambayo amehakikishiwa kwa simu kwamba imeshaondoka stesheni.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mengi. Kwenye makala yangu yalijaa kurasa sita.

"Huyu si amegoma?" msichana mmoja kwenye foleni akasema. "Babu, hawa ukiwavuta mbele ndiyo wanakaza. Wanasukumwa nyuma."

"Makalioni!" mwenzake akasahihisha, na foleni nzima ikacheka.

Walikuwa watoto wa wafugaji. Punda mgumu hakuwa jambo la kuitia mkutano. Kabla mwalimu wao hajamaliza kusema "jamani," walikuwa wameshajipanga, wawili wawili nyuma ya kila punda, mabega chini, wakipiga kelele zile zile wanazopiga wakitoka kisimani na punda, za Kinyiramba, ambazo mwalimu alikataa kunitafsiria. Mzee akasubiri waegemee wote. Akapuliza filimbi, akawasha.

Kitu chini kililia kama kifuniko cha sufuria kinachobanduliwa. Mzunguko ukasogea hatua moja, ikafuata ya pili, kisha watoto wakaanza kukimbia, na mwishowe mashine ikawaacha nyuma.

Mama aliitazama ikizunguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia mnunuzi wa chuma akunje kamba yake.

Watoto walipokwenda kula, mzee alipiga magoti, akaingiza kidole kwenye gia, akatoa utomvu wa kahawia, akaunusa. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Ilikuwa na nini?" akauliza.

Mzee alinitazama kwa muda ule anaotumia kukagua mkanda.

"Vumbi, Mama. Upepo wa hapa unaujua."

Mama alipoondoka, mzee alifuta kidole kwenye kona ya barua yangu yenye mhuri, akaikunja na kuirudisha mfukoni.

"Kesho saa moja asubuhi, Meneja."

Tangu siku hiyo nafika saa moja. Grisi imesharudi madukani, lakini mashine bado inazungushwa kila asubuhi kabla ya watoto, na bado haipendi kuzunguka tupu. Namwamkia mzee, anaitikia, ananikagua mkanda na kuuvuta mara mbili. Kisha anapuliza filimbi na kuinua bendera, nami nakwenda, nikiwa juu ya punda wa saba, kati ya gunia la vitunguu na gunia la alizeti.